Wimbi Lililovuka Barabara

Jumatatu alasiri, saa ambayo watalii wa Muhudugoda huwa wamejilaza vivulini wakisubiri jua lipoe, wanawake wa mji walikuwa wamelala kifudifudi mchangani, kila mmoja juu ya ubao aliochorewa kwa kidole. Walikuwa wakipiga mikono kama waogeleaji, mchanga ukiwachubua viwiko. Ushan, mwalimu wao wa kuteleza juu ya mawimbi, alipita katikati yao akiwarekebisha miguu kwa ncha ya fimbo, kwa kuwa hakutaka kuwashika wake za watu hadharani.

"Mikono ubavuni. Inua kifua. Sasa ruka, simama!"

Chandralatha, mwuza mikate ya roti wa karibu na kituo cha basi, aliruka akaishia magotini. "Mdogo wangu, mwili wangu unaishia hapa. Huko juu hakuna njia."

"Dada Chandra, si kila siku unasimama mbele ya jiko lako?"

"Jiko langu haliondoki nikiwa nimesimama."

Wote walicheka, hata Nilmini, ambaye si mtu wa kucheka karibu na maji.

Masomo ya Jumatatu yalikuwa ya bure kwa wanawake wa Muhudugoda. Ushan aliyaanzisha kwa sababu aliona aibu kwamba Wajerumani na Warusi wanaijua bahari ya Muhudugoda kuliko dada zake, ambao wanaiona wakiwa wanaanika nguo. Pwani ile ilikuwa maarufu kwa wanaoanza: mawimbi yake ni mafupi, manene, hayana haraka, na yanapokuangusha yanakuangusha kwenye mchanga. Kuanzia Desemba hadi Aprili ilijaa mbao za rangi rangi na watu wazima waliokuwa wakianguka na kufurahi.

Nilmini alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alifua mashuka katika hoteli ya Bwana Sirinimal, ng'ambo ya barabara, na tangu utotoni hakuwahi kuingia baharini zaidi ya kifundo cha mguu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja asubuhi ile bahari ilipoinuka. Yeye alikuwa hekaluni, amevaa nguo nyeupe, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Mama yake, Gnanawathi, alikuwa ufukweni akipiga makumbi ya nazi ili asokote kamba. Hakuonekana tena. Waliopatikana walikuwa wengi na nyuso zao hazikutambulika, wakazikwa upesi katika shimo moja nyuma ya barabara. Mwaka uliofuata watu waliambiwa kwamba maiti wote wamehamishiwa kwenye uwanja wa hekalu, na pale likawekwa jiwe jeusi lenye majina. Jina la Gnanawathi liliandikwa pamoja na mengine, lakini Nilmini hakuwahi kuamini kwamba mama yake yupo chini ya jiwe lile. Aliamini yuko baharini. Kila mwaka, baada ya sadaka ya chakula kwa watawa, alishuka ufukweni peke yake, akarusha maua meupe ya araliya majini na kuongea kidogo.

Mumewe Prasad, mwendesha bajaji, alipomwuliza kwa nini anataka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi ilhali hata beseni kubwa linamtia hofu, alimjibu: "Nimechoka kuzungumza na mama nikiwa kizingitini."

Prasad hakuuliza tena. Alimpa fulana yake ya mikono mirefu.

Kwa majuma mengi alianguka. Alikunywa maji ya chumvi, akatoka kamasi mbele ya watalii, ubao ukampiga kidevuni. Kila alipozama alifungua macho na kutazama huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kukuta hakuna wa kumkaribisha. Hakuona kitu ila mchanga ukizunguka. Aliinuka, akarudi kwenye mstari.

Jumatatu moja ya Januari alisimama.

Lilikuwa wimbi la kiunoni, jeupe kwenye ukingo, kama mengine yote ya siku hiyo. Ushan aliusukuma ubao akapiga kelele, "Sasa, dada!" na Nilmini akaruka, miguu ikakaa ilipotakiwa kukaa, magoti yakakunjika. Wanawake wenzake walipiga vigelegele. Wimbi likafika kwenye maji mafupi, pale ambapo mawimbi ya Muhudugoda hulala. Hili halikulala. Lilipanda mchanga, likapita katikati ya miamvuli, likapita kando ya lundo la madafu ya mzee Karunadasa bila kuliviringisha hata moja, na likaingia barabarani.

Basi la kwenda Matara lilifunga breki. Utingo alining'inia mlangoni akapaza sauti: "Wee mama! Huna honi?"

"Samahani, kaka," alisema Nilmini. Hakugeuza kichwa, maana Ushan aliwafundisha kwamba ukigeuza kichwa unaanguka.

"Samahani haivukishi abiria! Kata upesi, tuna watu wa hospitali humu!"

Wimbi likakata. Lilivuka bustani ya hoteli, likapanda ngazi, na mlango wa kioo ukajifungua kama unavyomfungukia yeyote. Ndani ya ukumbi wa mapokezi lilipunguza mwendo. Lilipofika kando ya nguzo iliyo karibu na tangi la samaki, lilimshusha Nilmini taratibu hadi vigaeni, kisha likanywewa na nafasi zilizo kati ya kigae na kigae. Makochi hayakulowa. Magazeti yaliyokuwa mezani hayakulowa.

Sewwandi, binti wa mapokezi, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Dada Nilmini, wafanyakazi hawapiti mlango wa mbele."

"Najua. Sikuja kwa mguu."

"Basi utokee nyuma."

Nilmini alibeba ubao kwapani akatokea nyuma, akavuka barabara kurudi ufukweni. Ushan alikuwa anamsubiri mikono kiunoni. "Umesimama vizuri sana. Ila mkono wa nyuma unaning'inia. Na uangalie unakokwenda."

"Ameangalia," alisema Chandralatha. "Ameenda kazini."

Jumatatu iliyofuata ikawa vile vile. Wenzake walipanda mawimbi yakawalaza kwenye maji mafupi kama desturi. La Nilmini lilipanda ufuko, likavuka barabara, likamweka kwenye nguzo ile ile. Baada ya malalamiko ya madereva, trafiki mmoja alipangwa kusimama pale Jumatatu alasiri. Alisimamisha magari kwa mkono mmoja na kumpungia Nilmini apite kwa mkono mwingine. Prasad aliwaambia wenzake kijiweni kwamba yeye amekuwa dereva miaka kumi na miwili na hakuna trafiki aliyewahi kumsimamishia gari hata moja.

Pale Nilmini aliposhushwa pakabaki maji. Sewwandi alipapiga deki, pakakauka, na kabla ya chakula cha jioni pakawa pameloa tena. Alipapiga deki asubuhi, adhuhuri pakaloa. Hatimaye alimwita Nilmini kutoka chumba cha kufulia. "Maji ni yako, dada. Njoo uyafute mwenyewe."

Nilmini alikuja na kitambaa. Alipiga magoti, na alipokuwa anataka kuanza, aliona kwamba maji yale yana umbo. Lilikuwa umbo la mtu mdogo wa mwili, amelala ubavu wa kulia, mkono wa kulia chini ya shavu, goti la kushoto limevutwa juu. Kisogoni palikuwa na mstari mwembamba unaoshuka hadi kiunoni, jinsi msuko mmoja wa nywele unavyolala. Nilmini alikuwa akilala nyuma ya mgongo ule hadi alipofika miaka kumi na mmoja. Alilijua goti lile. Usiku wa baridi alikuwa akilitafuta kwa nyayo zake ili azipashe moto.

Aliweka kitambaa chini akakaa.

"Huyu ni mama," alisema.

Sewwandi alitoka nyuma ya meza ya mapokezi akaja kutazama. Alitazama kwa adabu, mikono nyuma. "Nimfute au nimwache?"

"Mwache."

Sewwandi alileta chungu cha ua kutoka pembeni akakiweka upande wa miguuni, ili wapitao na masanduku wasimkanyage.

Kila Jumatatu Nilmini alipofika na wimbi lake, umbo jingine lilitokea kando ya yale yaliyokuwapo. Walilala vichwa vikielekea barabarani, wengine miguu yao juu ya miguu ya wenzao, kama walivyolazwa na mtu mwenye haraka. Chandralatha alikuja na aproni yake yenye unga akamtambua kaka yake Sarath kwa mguu mfupi. Alikaa naye kimya muda mrefu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, kisha akasema, "Huyu mjinga alinikopa mwavuli siku ile." Rizna, mwanafunzi mwenzao kutoka mtaa wa msikitini, alimpata babu yake, aliyetambulika kwa kofia. Alimleta imamu, na imamu alisimama muda mrefu akipima kwa macho upande wa kibla, akasikitika kwamba mzee ameelekezwa vibaya.

Watu wakaanza kuja saa ya chai. Walivua viatu mlangoni, wakaleta maua, taa ndogo za mafuta ya nazi, na wali wa maziwa ya nazi uliokatwa vipande. Mama mmoja alileta samaki wa kukaanga, akamwambia mumewe aliyelala vigaeni kwamba siku ile alitoka samaki wakiwa bado jikoni, kwa hiyo chakula hakijachelewa sana. Wageni wa hoteli waliwazunguka. Bwana mmoja aliyekuwa na watoto aliuliza kama ni kazi ya msanii. Sewwandi alimwambia, "Hapana, ni watu wa hapa." Yule bwana aliitikia kwa kichwa, akawashika watoto mikono, wakaenda bwawani.

Swali moja lilimkaa Nilmini kooni. Kama wote walihamishwa hekaluni, hawa wamelala hapa kwa nini? Siku moja baada ya kazi alikwenda kwa mzee Karunadasa. Huyu alikuwa baba yake Ushan. Siku hizi aliuza madafu, lakini zamani alikuwa dereva wa tingatinga la wilaya, lile lililochimba shimo. Alimkatia dafu bila kuulizwa, akampa, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa.

"Mjomba, ni wewe uliyemlaza mama yangu?"

"Sikumjua mtu hata mmoja, mwanangu. Nililaza kila mtu."

"Mahali pale penye nguzo?"

"Hapakuwa na nguzo. Palikuwa na mashina ya mnazi." Alifuta kisu kwenye sarongi. "Niliwalaza vizuri mwanzoni. Baadaye walikuwa wengi."

"Na walipokwambia uwahamishe?"

Mzee alitazama barabarani. Lori la mizigo lilipita, akangoja lipite lote. "Mwenyekiti wa halmashauri wakati ule alikuwa Sirinimal. Wajenzi walikuwa wamekwisha shusha saruji ya hoteli yake. Akaniambia, Karunadasa, beba udongo. Nikasema, na wao? Akasema, beba udongo. Nikabeba udongo hadi hekaluni. Watawa waliusomea vizuri sana. Nilisimama pale nikalia pamoja na watu wote."

"Ukalia?"

"Ndiyo. Watu walidhani nawalilia waliokuwa ndani."

Nilmini alilishika dafu kwa mikono miwili. Hakunywa. "Miaka yote hii nimeilaumu bahari," alisema. "Nimeitukana. Siku ya harusi yangu niliitukana."

"Bahari ilimrudisha siku ile ile," alisema Karunadasa. "Ilimleta hadi mlangoni. Sisi ndio hatukumpokea."

Kutoka pale Nilmini alishuka hadi kwenye maji akasimama. Alitaka kuiomba bahari msamaha, lakini aliona aibu, kwa sababu palikuwa na watu wengi na bahari ilikuwa inawafundisha. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, akarudi nyumbani. Usiku huo Prasad alimkuta ameinamia sufuria ya mchele akiosha mchele uliokwisha takata, akaosha tena na tena, mpaka akamwondolea sufuria mikononi.

Bwana Sirinimal hakuwa mtu mkali. Alikuwa na nywele nyeupe zilizochanwa nyuma, na kila Jumamosi alikunywa chai yake kando ya tangi la samaki. Nilmini alimfuata hapo. Hakukaa.

"Bwana mkubwa, naomba tuvunje sakafu."

Sirinimal alikitazama kikombe chake, kisha akawatazama waliolala. Walikuwa wamefika karibu na miguu ya kiti chake, na alikuwa ameivuta miguu yake kidogo. "Binti, hawa walikwisha hamishwa. Nilikuwepo. Jina la mama yako liko kwenye jiwe, nililipa mchongaji mwenyewe."

"Jina liko kwenye jiwe. Yeye yuko hapa."

"Haya ni maji."

"Ndiyo, bwana. Ni maji yake."

"Vigae hivi vilitoka Italia," alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kupewa mwezi. "Na sasa ni msimu. Watu wenu wote wanakula kutokana na msimu huu. Wewe mwenyewe unakula. Mumeo anabeba wageni wangu. Tukivunja sakafu, tunavunja vyungu vya nani?"

Nilmini aliutazama mgongo wa mama yake. Alisema, "Amelala ubavu mmoja miaka ishirini."

Sirinimal alinunua zulia kubwa la rangi nyekundu iliyoiva, likatandikwa juu yao. Hadi adhuhuri zulia lilikuwa limewachukua wote, mmoja mmoja, kwa rangi iliyokolea zaidi. Msuko wa Gnanawathi ulionekana vizuri kuliko ulivyoonekana kwenye kigae. Zulia likaondolewa.

Watu wa mji walipeleka malalamiko yao mbele, na maofisa wakaja kutoka Kolombo na kifaa cha kupimia unyevu. Walikuja na fundi bomba. Fundi alitafuta, akasema hakuna bomba linalopita chini ya ukumbi. Mzee Karunadasa alikuja amevaa shati jeupe la hekaluni, akasimama mbele ya ofisa mkubwa na kusema yote, tangu mashina ya mnazi hadi udongo. Aliongea bila kusita. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho na kumshukuru.

"Una shahidi, mzee?"

Karunadasa alionyesha sakafu.

Ofisa aliitazama. Alivua miwani, akawatazama tena waliolala, na kwa muda ilionekana kama anahesabu. Kisha akasema kwamba kwa utaratibu uliopo sakafu haiwezi kuitwa kutoa ushahidi. Walikunywa chai, wakaondoka kabla barabara haijajaa magari. Baadaye ilitangazwa kwamba ni uvujaji usiojulikana chanzo, usio na madhara kwa jengo.

Juma lile lile kibanda cha Ushan cha kukodishia mbao kiliondolewa mbele ya hoteli. Alionyeshwa sehemu nyingine, kule mwisho wa ghuba, mtaro wa mji unapomwagia. Alibeba mbao zake kichwani, mbili mbili, baba yake akimfuata na kreti la madafu. Ushan hakumlaumu mzee, wala hakumwambia kitu cha kumfariji. Walipofika, alisema tu, "Baba, hapa kivuli kinachelewa," na mzee akasema, "Tutazoea."

Nilmini naye aliitwa. Bwana Sirinimal alimwambia kwamba hana ugomvi naye, mashuka yake ni meupe kuliko ya yeyote. Ila asije tena kwa wimbi. Aje kwa mlango wa nyuma kama wafanyakazi wengine, au asije kabisa.

Jumatatu hiyo hakwenda kwenye somo. Prasad hakumsihi aende, maana ada ya shule ya binti yao ilitoka kwenye yale mashuka, na wote wawili walilijua hilo. Nilmini alifua. Alining'iniza mashuka kwenye kamba, akajificha katikati yake akalia, upepo ukimbandika mashuka usoni.

Alasiri kelele za honi zilisikika barabarani. Kisha Sewwandi akaja akikimbia, viatu mkononi.

"Dada, limekuja lenyewe."

"Nini?"

"Wimbi lako. Limesimama kwenye ngazi. Mlango unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, na lenyewe haliingii. Wageni wa Ufaransa wanataka kutoka waende uwanja wa ndege."

Nilmini aliendelea kukunja. "Nimekatazwa."

Wimbi lilisimama pale hadi jua lilipoanza kuinama, likipumua, kama ng'ombe aliyerudi kutoka malishoni akakuta zizi limefungwa. Wageni walijaribu kulizunguka, lilisogea nao. Trafiki alikuja akalipigia filimbi. Hatimaye Bwana Sirinimal mwenyewe alishuka hadi chumba cha kufulia, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akasimama mlangoni katikati ya mvuke akipangusa miwani.

"Nenda kashughulikie wimbi lako," alisema.

"Nikilipanda, litaingia."

"Liingie."

"Na Jumatatu nyingine?"

Sirinimal alivaa miwani yake. Mashine ilikuwa inazungusha mashuka ya ghorofa ya tatu. "Kati ya chakula cha mchana na chai," alisema. "Na wasiwashe taa karibu na mapazia."

Hayo ndiyo yakawa makubaliano, na hayakuzidi hapo. Sakafu haikuvunjwa. Jiwe jeusi lilibaki hekaluni, na baadaye, Desemba ilipofika, sadaka ilitolewa pale kama miaka yote, Bwana Sirinimal akiwa mbele na sinia la kwanza. Chandralatha alimwuliza mtawa mkuu kama si upuuzi kuuombea udongo. Mtawa alifikiri, akasema kwamba thawabu haihitaji anwani, inafika yenyewe. Chandralatha akasema, "Thawabu inafika. Mimi nilitaka Sarath aondolewe chini ya miguu ya watu." Mtawa akamfunga uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono.

Ushan aliendelea kufundisha kule kwenye mtaro. Maji yalikuwa na harufu, wageni wakapungua, lakini wanawake hawakupungua. Rizna sasa aliweza kugeuka kulia na kushoto. Chandralatha alisimama kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi, msimu ule ule, akasimama kwa kitambo kirefu kuliko alivyotarajia, na alipoanguka alikuja juu akitukana kwa furaha. Ushan alimfundisha Nilmini kuinua mkono wa nyuma. Hilo halikumsaidia sana, kwa kuwa wimbi lake halikuhitaji kuongozwa. Lilijua njia, hata kutoka mwisho wa ghuba. Lilifuata ukingo wa barabara, likakata kona penye duka la dawa, na madereva wa mabasi wakazoea kuliachia njia.

Jumatatu ya mwisho ya msimu mvua za kusini magharibi zilikuwa zimeanza kunukia. Nilmini alifika ukumbini wageni wakiwa wachache. Wimbi lilimshusha polepole, akauegemeza ubao kwenye nguzo, akakamua nywele zake pembeni ili zisimdondokee mtu. Kisha akalala vigaeni, ubavu wa kulia, nyuma ya mgongo wa mama yake, kama alivyokuwa akilala.

Hawakutoshana tena. Gnanawathi alikufa na miaka ishirini na tisa. Nilmini alikuwa amempita umri na urefu. Miguu yake ilishuka chini ya nyayo za mama yake, na kidevu chake kilikuwa juu ya utosi ule. Ilibidi ajikunje ili alale kama mtoto. Alimweleza kwamba Prasad amebadilisha tairi za bajaji. Alimweleza kwamba binti yao amekataa kula maboga, sijui kamrithi nani. Alimweleza kwamba anaomba radhi kwa kumtafuta mahali pasipo pake miaka yote hiyo, akiwa anapita juu yake kila siku na beseni la mashuka, asubuhi na jioni, bila hata kusalimia. Baada ya hapo akalaza shavu kwenye kigae baridi.

Mama mmoja mtalii alisimama na sanduku lake akamwuliza Sewwandi kwa sauti ya chini kama yule mwanamke pale chini ni mgonjwa.

"Hapana," alisema Sewwandi. "Ametembelea kwao."

Saa ya chai ilikaribia, na mtu wa jikoni alianza kupanga vikombe. Nilmini aliinuka. Pale alipokuwa amelala palibaki umbo lake, refu, limejikunja nyuma ya lile dogo, na kwa muda yalikuwa mawili. Alisimama kuyatazama. La kwake lilikauka kwanza, kama ilivyo kawaida ya walio hai: likaanza miguuni, likapanda, na kabla hajauinua ubao likawa limekwisha.

Sewwandi alichukua kile kibao cha manjano kinachoonya kwamba sakafu inateleza, akakisimamisha karibu na kichwa cha Gnanawathi. Alikitazama, kisha akakivuta nyuma kidogo, kisije kikamkanyaga nywele.